Mwimbaji Aliyezama Kwenye Jalada

Sehemu ya tisa

Najua mmenitukana wiki nzima. Mwanamke mmoja kanidaka sokoni, mfuko wa samaki mkononi, akanipa vidonge vyangu mbele za watu: "Wewe si mtu mzuri. Umeiacha sindano juu ya santuri ukaenda zako kulala!" Haya mama, sindano yako hii hapa.

Tulikuwa mjini Tampere, kwenye kiwanda cha zamani cha pamba kando ya ziwa ambalo bado lilikuwa na barafu, jioni ya Aprili, siku ya ufunguzi wa maonyesho ya Taimi Sorvali. Ukutani yalining'inia majalada ya santuri aliyoyachora kwa mkono wake, ya bendi ambazo hazijawahi kuwapo duniani. Muziki wa bendi hizo kautunga mumewe, Rauno. Na kila sauti ya mwanamke ndani ya santuri zile ni ya Taimi mwenyewe.

Ndivyo alivyoamini, mpaka Mzee Unto, mtunza gramafoni, alipoweka santuri ya mwimbaji wa kubuni Aune Virta na bendi yake, Taa za Gati. Wimbo ni uleule. Maneno ni yaleyale. Sauti haikuwa yake.

Taimi aliuinua mkono wa gramafoni. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Mbona umeuzima?" Mzee Unto akashangaa. "Ndiyo kwanza unanoga!"

Taimi alimkamata Rauno kwenye kiwiko, akamkokota mpaka chumba cha makoti, akafunga mlango.

"Ni nani yule?"

"Taimi, wageni wanasub—"

"Wageni wanakunywa kahawa yangu na kula mikate yangu ya iliki, hawana shida. Nani kaimba wimbo wangu?"

Rauno akatazama viatu vyake. Mwanaume mrefu kama nguzo, lakini siku hiyo alionekana mfupi.

"Ni yule mwalimu wa kwaya, sivyo?" Taimi akaja juu. "Kila Alhamisi unatoka na akodiani yako, unarudi umenuna au unachekacheka peke yako. Nilikuwa najua. Mimi si mtoto, Rauno! Sema tu!"

"Si mwalimu wa kwaya."

"Basi ni nani?"

"Ni Inka."

Loo! Msomaji, kuna majina ambayo mtu hukaa miaka hajayasikia nyumbani kwake, na siku yakitajwa mtu huketi popote alipo. Taimi aliketi juu ya viatu vya wageni.

Inka ni binti yao wa pekee. Miaka sita ilipita tangu alipotoka na begi moja, bila kugeuka. Taimi alituma salamu kwa shangazi, kwa marafiki, kwa kila mtu, zikarudi kama zilivyokwenda.

"Alhamisi zote," alisema polepole, "ulikuwa unakwenda kwa mwanangu?"

"Aliniomba nisikwambie."

"Ukala naye, ukanywa naye, ukarudi kulala kitandani kwangu, ukanitazama ninavyolia siku yake ya kuzaliwa, ukanyamaza kama maji mtungini?"

"Ningekwambia ningempoteza na mimi. Tungempoteza wote wawili, Taimi."

"Bora ungekuwa na hawara," Taimi akasema, na machozi yakaanza. "Wallahi bora hawara. Hilo ningelisamehe kabla ya Krismasi."

Rauno alimtolea leso. Akaisukuma.

"Anaishi wapi?"

"Ng'ambo ya ghuba."

"Ghuba ipi?"

"Hii hapa."

Ghuba hii hapa! Taa za ng'ambo zile Taimi huziona kila siku kutoka dirisha la jiko lake, akiosha vyombo. Mara ngapi alisimama pale akijiuliza kama mtoto yuko Uswidi, au Ujerumani, au chini ya udongo. Kumbe moja ya zile taa ilikuwa yake.

"Mwenyewe ndiye aliyetaka kuimba," Rauno akaendelea. "Alisema, baba, kama bendi haipo na mwimbaji hayupo, basi humo ndani naweza kumwimbia mama bila yeye kujua. Tukarekodi santuri mpya kwa siri: upande wa kwanza ni ule wimbo wake wa zamani. Upande wa pili ni wimbo mpya, 'Bandika Kahawa'. Hujausikia. Na leo alisema atakuja kusimama nyuma ya watu. Kama ungeuacha wimbo uishe, angejitokeza."

"Na mimi nimeuzima," akasema Taimi.

"Umeuzima."

Alifungua mlango kwa nguvu hata makoti mawili yakaanguka.

Ukumbini watu walikuwa katika raha zao. Mnajua mchezo wa maonyesho yale: kila aliyeingia alijifanya anazikumbuka bendi zile. Mfamasia wa mtaani alikuwa anaapa kwamba ujanani alipiga ngoma na Samaki Watatu, na kwamba walifukuzwa mji wa Oulu kwa sababu ya mke wa mchungaji. Mkewe akamjibu, "Wewe? Wewe hata kijiko huwezi kukigonga kwenye kikombe!" Watu wakavunjika mbavu. Kulikuwa na joto, na Marketta, msimamizi wa maonyesho, alikuwa amefungua madirisha yote ya upande wa ziwani.

Na mbele ya jalada la Aune Virta alisimama mwanamke kijana, nywele fupi, skafu nyekundu shingoni. Alikuwa amewapa mgongo watu wote.

Taimi aliijua skafu kabla ya kumjua mtu. Aliichora yeye mwenyewe. Jalada lile ndilo hili: barafu ya ziwa mwezi wa Aprili, ya kijivu, imeoza kiasi cha kutobeba mtu; tundu la maji meusi; na pembeni ya tundu, skafu nyekundu peke yake. Nyuma ya jalada kulikuwa na maneno ya Taimi: Aune Virta, mtunzi na mwimbaji wa "Nirudishe Uliponitoa", alizama mwaka sabini na moja akitoka dansini kwa miguu juu ya barafu.

Wimbo ule ulitungwa na Inka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anamenya viazi jikoni, anaimba. Taimi aliusikia, akaupenda, akampa mwimbaji wa kubuni. Kisha, kwa kuwa bendi nzuri lazima iwe na msiba wake, akamzamisha mwimbaji huyo na kumwachia skafu ya binti yake. Aliona ni heshima. Watu wa maktaba, jalada lilikoonyeshwa mara ya kwanza, walilia, gazeti likasifu. Inka alisoma nyuma ya jalada, akauliza swali moja tu: "Mama, mimi niko wapi hapa?" Taimi akacheka, akasema huu ni mchezo tu, ukutani kwangu hakuna jina la kweli. Kesho yake binti hakuwepo.

Sasa alikuwepo.

"Inka."

Binti hakugeuka. "Umenikata tena," alisema.

"Sikujua ni wewe."

"Ile mara ya kwanza ulijua, ukasema ni mchezo tu."

Taimi alitaka kumshika bega, akaogopa. Mama mzima, ameogopa bega la mwanawe! Rauno alisimama mbali, leso bado mkononi, anawatazama wawili wale kama mtu aliyebeba mayai.

Hapo Marketta, asiyejua hili wala lile, akagonga kikombe kwa kijiko. "Jamani! Sasa ni zamu ya wanawake!" Akawasha ile taa ya zamani waliyoitoa kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa, imeandikwa WANAWAKE WACHAGUE. Wanaume wakajipanga ukutani wakijitengeneza kola. Kwetu, taa ile ikiwaka, aliyeombwa na mwanamke hakatai. Na dansi ni nyimbo mbili: ukimtoa mtu kitini kwake, unacheza naye mbili, kisha unamrudisha pale pale ulipomtoa. Kumwacha baada ya wimbo mmoja ni kumtukana mbele ya ukumbi mzima. Ndiyo maana Mzee Unto hupenda santuri ndogo: upande mmoja, upande wa pili, dansi imekamilika.

Taimi aliitazama taa. Kisha akainama mbele ya binti yake kama wanavyoinama wanawake wa zamani.

"Naomba dansi."

Inka aligeuka. Uso ulikuwa umekonda, macho ni ya baba yake. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu hata mfamasia akaacha utani wake.

"Wewe mama una ujasiri," alisema. Akampa mkono.

"Mzee Unto," Taimi akaita, "rudisha ile santuri. Na safari hii mtu asiiguse."

Muziki wa dansi ya tango ukaanza. Akodiani ya Rauno, kisha sauti ya Inka:

*Ulinitoa kitini kwangu, nirudishe uliponitoa,*
*usiniache katikati, watu wote wakinitazama.*

Kwenye tango hatuongei. Lakini Taimi alikanyaga kidole cha binti yake.

"Mama, mimi ndiye ninayeongoza."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kulipa kodi yangu."

Taimi akacheka, kicheko kikageuka kilio, akaficha uso kwenye ile skafu. Mkono wa binti yake ulikuwa mgumu, wa mtu anayefanya kazi nje. Kazi gani? Hakujua. Ana mtu? Ana mtoto? Hakujua. Aliukaza mkono ule kama mzazi anavyoukaza mkono wa mtoto barabarani.

"Nisamehe, mwanangu."

"Si mimi tu wa kuambiwa," Inka akamnong'oneza. "Uliniua mbele za watu. Nifufue mbele za watu. Wimbo ukiisha, kabla Mzee Unto hajageuza santuri, sema ni nani aliyeutunga. Sema jina langu. Ukisema, nitacheza wa pili, kisha nitakaa ninywe kahawa yako."

"Nitasema."

"Maonyesho yako yataharibika. Hakuna jina la kweli ukutani, si ndivyo?"

"Yaharibike. Yaungue yote."

Hapo, msomaji, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, Inka aliegemeza shavu lake kwenye kichwa cha mama yake. Rauno aliona, akageukia ukuta akalia.

Wimbo ukaisha. Wachezaji wakasimama mahali pao, wawili wawili, kama desturi, wakingoja wa pili. Taimi alichukua maikrofoni kwa Marketta bila kuomba.

"Ndugu zangu," alisema. "Aune Virta hayupo. Hajawahi kuwapo. Wimbo huu ulitungwa na binti yangu, Inka Sorvali, huyu hapa, jikoni kwangu, akimenya viazi. Mimi niliuiba. Nikampa mtu wa kubuni, nikamzamisha mtu huyo, na mwanangu nikamzamisha humo humo. Tangu siku hiyo amenihama. Nasema mbele yenu nyote: wimbo ni wake, sauti ni yake, na mimi ndiye mkosaji."

Mtu mmoja akapenga kamasi.

Kisha mfamasia, machozi yakimtiririka, akaanza kupiga makofi.

"Safi! Safi sana, Taimi!"

Na ukumbi mzima ukapasuka kwa makofi. Wakapiga miguu chini. Wakapiga vifijo. "Mmetutoa machozi, jamani!" "Hii ndiyo bora kuliko zote!" "Na yule binti, ametulia kweli, utadhani ni kweli!"

"Siigizi!" Taimi akapiga kelele. "Jamani, siigizi! Huyu ni mwanangu!"

Makofi yakazidi. Mke wa mfamasia alimshika mumewe mkono akasema, "Ona alivyoiva. Mpaka mwili unanisisimka."

Ebo! Ungewaambia nini watu wale? Tangu waingie walikuwa wanaambiwa uongo mtamu na kuombwa waupigie makofi. Ukweli ulipokuja ulikuta makofi yako tayari.

Taimi aligeuka kumtazama Inka. Ule uso uliokuwa umeanza kulainika ulikuwa umefungwa tena.

"Nimesema," Taimi akamsihi. "Umesikia mwenyewe, nimesema!"

"Nimesikia, mama. Umesema vizuri." Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti. "Ila hapa kwako, hata nikiwa wa kweli, naonekana wa kubuni."

Mwandishi wa gazeti alikuwa ameshafika na kalamu yake, anatabasamu hadi jino la mwisho. "Dada, hongera sana! Niambie jina lako nisikosee. Mwigizaji ni nani?"

Inka aliutazama ukuta. Alilitazama tundu la maji meusi.

"Aune Virta," akasema.

"Ha! Vizuri! Na unatokea wapi?"

"Majini."

Aliuachilia mkono wa mama yake na kuondoka. Katikati ya sakafu, watu wote wakiwatazama, baada ya wimbo mmoja.

"Binti!" Mzee Unto aliita, amekasirika kikweli. "Wewe binti! Wa pili bado! Wimbo mmoja si dansi!"

Mlango ukafungwa. Mzee yule, aliyegeuza santuri maisha yake yote, hakujua afanye nini na aibu kubwa namna ile ila kuendelea na kazi. Akaishika santuri, akaifuta kwa kitambaa, akaanza kuigeuza.

Taimi alisimama peke yake pale pale alipoachwa. Marketta alikuwa dirishani, anajipepea.

"Ajabu," alisema. "Yule binti wenu mbona hakwenda kituo cha basi? Anashuka ufukweni."

Leso ilimdondoka Rauno.

"Rauno?" Taimi akasema. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Rauno! Amekuja hapa na nini?"

"Kwa miguu." Akaonyesha ziwa kwa kidole. "Majira yote ya baridi huvuka ziwa kwa miguu juu ya barafu, ni njia ya mkato... Nilimkataza. Nilimwambia barafu imeshaoza, akasema atapita kando kando ya matete..."

Taimi hakusikia mengine. Alikimbia. Alikimbia bila koti, na viatu vyake vya dansi, na nyuma yake akasikia watu wakisogea madirishani wakisukumana.

"Wanaendeleza nje!" mfamasia akashangilia. "Njooni muone, wanaendeleza nje!"

"Ni kweli!" Rauno akawalilia, akipapasa mifuko yake kutafuta simu. "Jamani, ni mwanangu! Kimbieni, leteni kamba! Leteni ngazi!"

"Na baba pia!" mtu akasema. "Familia nzima wana kipaji!"

Hakuna aliyetoka. Wakapiga makofi.

Ufukweni palikuwa bado na mwanga wa jioni. Barafu ilikuwa ya kijivu, na maji yalikuwa yameshaitenga na nchi kavu. Kibao cha kukataza watu kupita kilikuwa kimelala kwenye matope. Taimi aliingia majini hadi magotini, akapanda juu ya barafu kwa kucha, na barafu ikaguna chini yake.

Hakuona mtu. Aliona matete, akaona nyayo zikielekea mbele, kisha hakuona nyayo.

Kisha aliiona. Mbele kidogo, juu ya barafu ya kijivu, pembeni ya doa jeusi. Nyekundu. Imelala peke yake, pale pale alipoichora.

"Inka!" Alilia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitia kwenye santuri yoyote. "Inka! Mwanangu! Niitikie!"

Na Inka akaitika.

*Nakuja, mama, nakuja,* ilisema sauti ile, tamu, karibu kabisa. *Bandika kahawa, nakuja.*

Taimi aligeuka huku na huku juu ya barafu, moyo umemruka kwa furaha. Alitazama matete. Alitazama doa jeusi. Sauti ikaitika tena, *nakuja, mama, nakuja*, na safari hii akasikia akodiani ikiifuata.

Ilitoka nyuma yake, juu, kwenye madirisha yaliyo wazi. Mzee Unto alikuwa amegeuza santuri.